Darasa la 2016 linahitimu: tulisikilize kabla halijagawanywa kwa divisheni

Mtoto aliyeandikishwa Darasa la Kwanza Januari 2016, akasonga mbele bila kurudia mwaka wala kuacha njiani, sasa hivi yuko Kidato cha Nne. Alimaliza Darasa la Saba 2022, akaingia sekondari 2023, na Novemba mwaka huu anakaa kwenye mtihani wake wa mwisho. Januari ile ya 2016 ndiyo elimumsingi bila malipo, yaani tangu awali hadi Kidato cha Nne, ilipoanza kutekelezwa nchi nzima. Kwa hiyo vijana hawa wanaojiandaa na mahafali ndio Watanzania wa kwanza kusoma miaka yote 11, tangu kushika penseli hadi kuandika insha ya Kidato cha Nne, chini ya sera hiyo moja.

Jambo hili linazungumzwa, na linazungumzwa vibaya. Wapo wanaolisubiri darasa hili kama ushahidi kwamba "elimu bure" imeua elimu, na wapo wanaolisubiri kama kombe la kubebwa juu. Wote macho yao yako kwenye matokeo yatakayotangazwa mwanzoni mwa mwaka ujao. Mimi nasema wanamsubiri shahidi asiyeijua kesi. Matokeo yatatuambia nani kati ya waliofika amepata nini. Hayatatuambia nini kilitokea ndani ya miaka 11, wala wameishia wapi wale ambao hawakufika. Anayeyajua hayo ni darasa lenyewe, na lina siku moja tu ya kuyasema likiwa bado darasa: siku ya mahafali, Septemba au Oktoba, kabla mtihani haujaligawa kwa madaraja ya ufaulu: divisheni ya kwanza, ya nne na sifuri. Siku hiyo tumeizoea kama sherehe ya keki, picha na harambee. Risala ya wahitimu inasomwa, inapigiwa makofi, inakunjwa na kufungwa utepe, inakabidhiwa kwa mgeni rasmi, na habari yake inaishia hapo.

Tuanze na sera, kwa sababu hata jina lake limewachanganya wengi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 haukufuta ada ya shule ya msingi. Hiyo ilikuwa imeondolewa tangu 2001, wakati wa maandalizi ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Kilichofutwa ni ada ya sekondari, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, pamoja na msururu wa michango ya lazima iliyokuwa imeota mizizi msingi na sekondari: mlinzi, madawati, mitihani ya majaribio, ujenzi. Badala yake Serikali ikaanza kupeleka fedha shuleni moja kwa moja, ikiwemo ruzuku iliyokadiriwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Sare, madaftari na chakula vikabaki mikononi mwa mzazi, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukalieleza hilo bila kificho. Neno "bure" ni letu sisi wa mitaani. Na ile 10,000 ni kiwango kilichorithiwa kutoka enzi za MMEM. Mwalimu mkuu anayenunua chaki na karatasi za mitihani anajua thamani ya shilingi hiyo imenyauka kiasi gani tangu wakati huo.

Kilichofuata Januari ile kila mwalimu wa darasa la awali na la kwanza anakikumbuka. Watoto ambao michango ilikuwa imewafungia nyumbani walitoka. Walikuja wa miaka sita, wa saba, na wengine wakubwa zaidi, wakaketi pamoja, wengi chini sakafuni. Ilikuwa habari njema na ilikuwa mafuriko. Mtu akikuambia ilikuwa mojawapo tu, anakupa nusu ya habari.

Fuata safari yao kutoka hapo. Walipokuwa Darasa la Tano, tarehe 17 Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na wao hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Walipokuwa Darasa la Sita, Novemba 2021, Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Hivyo hawa wasichana wamesoma sekondari yao yote wakiwa na haki ambayo dada zao hawakuwa nayo. Mwaka 2022 wakafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wakafaulu kwa asilimia 79.62, na milioni 1.07 na ushee wakachaguliwa kwenda Kidato cha Kwanza kwa mkupuo mmoja, bila ile habari ya kusubiri chaguo la pili. Ili watoshe, Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 8,000 kwa shilingi bilioni 160. Wengi wa wanafunzi hawa waliingia sekondari kwenye vyumba ambavyo rangi yake ilikuwa bado inanuka. Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza amesahau miaka ambayo mtoto alifaulu na bado akabaki nyumbani kwa kukosa chumba.

Ila chumba hakifundishi. Watoto waliosoma kila somo kwa Kiswahili kwa miaka saba walipewa wiki chache za kunolewa Kiingereza, kisha wakafunguliwa vitabu vya Bailojia na Jiografia ambavyo hata sentensi ya kwanza hawakuielewa. Nimeona madaftari ya Kidato cha Kwanza yenye mwandiko mzuri, yamejaa, na mwenye daftari hawezi kukuambia ukurasa mmoja unasema nini. Anachoweza ni kukariri. Na wamesoma hivyo hadi mwisho kwa mtaala wa zamani, ule ambao Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa Februari 2025, imeshaamua kuachana nao. Wadogo zao wanafundishwa kwa mtaala mpya. Wao watapimwa kwa ule wa zamani, halafu tutawauliza kwa nini hawana ujuzi.

Sasa niseme kwa nini naipa risala uzito ambao wengi hawaupi. Ukihudhuria mahafali mawili matatu utagundua kuna sentensi moja haikosekani. Huja baada ya salamu kwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, bodi, walimu na wazazi: "Tulianza Kidato cha Kwanza tukiwa wanafunzi kadhaa, wavulana kadhaa na wasichana kadhaa. Leo tunahitimu kadhaa. Upungufu huu umetokana na utoro, uhamisho, mimba na vifo." Msomaji huivuka haraka, sauti haibadiliki, na wasikilizaji hawashtuki kwa sababu wameizoea. Mimi naiona kuwa sentensi nzito kuliko zote zinazosemwa shuleni mwaka mzima. Darasa linatoa hesabu ya wenzake. Linasema: hatukuwa sisi tu.

Linganisha sentensi hiyo na takwimu za taifa. Waliochaguliwa kuingia sekondari 2023 walikuwa zaidi ya milioni 1.07. Upimaji wa Kidato cha Pili wa 2024, ambao ndio wao, ulifanywa na wanafunzi 796,825, na humo ndani wamo waliorudia darasa kutoka mwaka wa nyuma. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya 270,000 ndani ya miaka miwili. Katika waliofanya, 680,574 walifaulu, sawa na asilimia 85.41, na hiyo 85 ndiyo iliyotangazwa na kuandikwa magazetini. Waliobaki, zaidi ya 116,000, hawakufikia kiwango cha kupanda Kidato cha Tatu. Kila asilimia ya ufaulu tunayoisoma huhesabiwa kwa waliokaa kwenye dawati siku ya mtihani. Aliyekwenda kuchunga, aliyekwenda kufanya kazi za ndani mjini, aliyeolewa, hayumo hata kama sifuri. Ni risala peke yake inayomkumbuka, japo kwa neno moja: utoro.

Mwaka jana mpwa wangu alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuandika risala ya darasa lao, katika shule ya sekondari ya kata ambayo sitaitaja. Akaniletea rasimu niisome. Ilikuwa kwenye karatasi za katikati ya daftari kubwa, kwa kalamu ya bluu, na juu yake mwalimu alikuwa amepita na kalamu nyekundu. Wao walikuwa wameandika: "Tangu Kidato cha Pili hatujawahi kuwa na mwalimu wa Fizikia. Tumejifundisha wenyewe kwa daftari la kaka yake mmoja wetu." Mistari miwili myekundu, na pembeni maandishi nadhifu: "Upungufu wa walimu wa sayansi." Chini kidogo waliandika jina la mwenzao aliyeacha shule kwa sababu ya umbali na ambaye walikuwa wamemchangia nauli mara mbili. Jina lilikatwa, pakawekwa "changamoto ya umbali". Nilimuuliza kama imemuumiza. Akasema, "Mjomba, mwalimu amesema mgeni rasmi hapendi mambo marefu." Simlaumu mwalimu yule. Alikuwa anailinda shule yake, na pengine alijua kwamba ukweli mrefu ungemrudia yeye, si mgeni rasmi. Lakini angalia kilichopotea. "Upungufu wa walimu wa sayansi" ni maneno yanayofaa shule yoyote, na kwa hiyo hayamlazimu mtu yeyote kufanya lolote. Daftari la kaka linaonyesha mahali, mwaka na kosa.

Wapo watakaonipinga, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Hoja ya kwanza: kijana wa miaka 17 anayeaga shule hawezi kuwa mtathmini. Ana hisia, anaikumbuka adhabu kuliko somo, anawasifu walimu waliomchekea. Nakubali sehemu ya hilo. Siku ya kuaga humfanya mtu aone hata maharage yenye wadudu kuwa kumbukumbu tamu. Risala haiwezi kutuambia kama somo la Hisabati lilifundishwa sawasawa, na kwa hilo tunauhitaji mtihani, ambao miaka ya karibuni umekuwa ukituonyesha kwamba ni takriban robo tu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne wanaofaulu Hisabati. Lakini darasa linaweza kutuambia kama mwalimu wa Hisabati alikuwepo. Hilo halihitaji utaalamu wa tathmini, linahitaji kuwa mle darasani kwa miaka minne, na afisa elimu hakuwa mle.

Hoja ya pili, yenye nguvu zaidi, ni ya wale wanaosema mtihani ni kipimo kimoja kwa wote na hakina huruma za upande, kwa hiyo tusiubadilishe na hadithi. Sina nia ya kuubadilisha. Naomba tu tuusome vizuri. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2024 yalitangazwa kuwa na ufaulu wa asilimia 92.37, na wengi tulishangilia. Waliopata divisheni ya kwanza hadi ya tatu walikuwa kama asilimia 43. Waliobaki katika hao "waliofaulu" ni divisheni ya nne. Sikatai kwamba divisheni ya nne ni ufaulu kwa kanuni. Ila mzazi anayesikia 92 redioni anaelewa kitu kimoja, na kijana anayebeba cheti kile kutafuta nafasi anakutana na kingine. Namba moja ikibeba maana mbili, ni lazima pawe na mtu wa kueleza. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipoacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora katika matokeo ya 2022, lilikuwa linakiri kwa namna yake kwamba kupanga watu kwa foleni hakuelezi mazingira waliyosomea.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: "Sisi tulisoma chini ya mwembe, tukaandika mchangani, tukafaulu. Hawa wamepewa kila kitu bure, wanafeli." Anayesema hivi mara nyingi ni mtu mwema anayewatakia vijana mema. Lakini hesabu yake ina kasoro kubwa. Enzi hizo waliotoka Darasa la Saba kwenda sekondari ya Serikali walikuwa wachache mno. Walichujwa kwanza, ndipo wakafundishwa. Darasa lake la Kidato cha Kwanza lilikuwa na watoto wale tu ambao shule nzima, pengine tarafa nzima, iliwatoa. Anajilinganisha yeye aliyechaguliwa kati ya mamia na taifa zima la watoto lililokaribishwa ndani kwa pamoja. Wenzake wa mwembeni waliobaki hawapo kwenye hadithi yake. Hawakuwa na mahafali wala risala. Akitaka kulinganisha kwa haki, achukue watoto wote wa mwaka wake, pamoja na wale aliowaacha kijijini, ndipo aweke pembeni ya hawa wa 2016. Nina hakika atanyamaza kidogo.

Tulishawahi kufanya kosa hili. Shule za kata zilipojengwa kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, majengo yalitangulia, walimu wakafuata kwa kozi za muda mfupi, hata wakapachikwa jina la "voda fasta". Watoto waliopita humo walifika Kidato cha Nne, na matokeo ya 2012 yalipotoka, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ilitikisika, ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Tulijadili madaraja ya alama kwa miezi. Nilichokikosa katika mjadala ule ni sauti ya wenye sifuri. Wao na waliowatangulia walikuwa wamesoma risala mwaka hadi mwaka wakisema hawana walimu, hawana maabara, hawana vitabu. Yote yale yalikuwa yameshasemwa, hadharani, mbele ya wakuu wa wilaya na wabunge waliovaa suti na kupokea zawadi. Tukaja kuyagundua Februari 2013 kana kwamba ni mapya.

Haraka yangu ina sababu. Sera mpya imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Walioanza Darasa la Tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza Darasa la Sita 2027. Waliokuwa mbele yao mwaka mmoja watamaliza Darasa la Saba mwaka huo huo. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Ni mafuriko mengine, na safari hii tunayajua yanakuja. Serikali itajenga vyumba. Katika hilo imeonyesha kwamba ikiamua inaweza. Swali ni nini kinatokea mtoto akishaingia ndani ya chumba, na watu pekee nchini walioishi jibu lake kuanzia Darasa la Kwanza hadi mwisho ni hawa wanaovaa majoho Septemba hii. Wao ndio waliokaa sakafuni, waliofundishwa na mwalimu mmoja kwa mikondo minne, waliovushwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwa wiki chache. Wanajua mwenzao aliacha wiki gani na kwa nini. Baada ya Novemba watatawanyika: wengine Kidato cha Tano, wengine vyuo vya ufundi vya VETA, wengine bodaboda, wengine majumbani, na hutaweza tena kuwauliza kwa pamoja.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa. Wakuu wa shule waruhusu risala isomwe kama wanafunzi walivyoiandika, wahariri tahajia na matusi, waache mengine. Nakala moja iende kwa mgeni rasmi kama kawaida, nyingine iende kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, naye azisome zote pamoja kabla ya Desemba. Halmashauri yenye sekondari 30 itakuwa na risala 30 mezani. Atakayezisoma kwa siku mbili atajua shule zipi hazijawa na mwalimu wa Fizikia tangu 2024, kwa mwaka na kidato, jambo ambalo taarifa za robo mwaka hulifunika kwa neno "upungufu". Na ile sentensi ya "tulianza tukiwa kadhaa" iandikwe pamoja na sababu ya kila mmoja aliyetoka, kwa kadiri wenzake wanavyojua, bila kumwaibisha mtu kwa jina hadharani. Kwa wasichana waliotoka kwa ujauzito swali la ziada liwe moja: kuna yeyote aliyemfuata kumwambia kwamba tangu 2021 anaruhusiwa kurudi?

Nawe mzazi au ndugu utakayealikwa mwaka huu, ukiwa na zawadi yako na taji la maua la kumvika kijana wako, msomaji wa risala akifika kwenye sentensi ile, sikiliza namba mbili anazozitaja na utoe ya pili kwenye ya kwanza. Keki ikishakatwa, mtafute mwanafunzi yeyote mwenye joho, umuulize hao wengine wako wapi. Atakutajia mmoja mmoja.